Kanali Ni Paka

Tulipomzika Hiram Mathenge mwezi wa Julai mwaka huu wa 1959, kwao upande wa Nyeri, mzee wa kanisa alisimama kando ya kaburi akasema marehemu alikuwa mtu mpole na mchapa kazi, na kwamba Mungu alikuwa amekwisha kumsamehe yale ya Nakuru. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeuliza yale ya Nakuru ni yapi, maana kijiji kizima kilikuwa kimeyasikia: Mathenge alikuwa na ugonjwa tumboni, akawaambukiza Wazungu waliomwajiri, mtoto mmoja wa Kizungu akaponea chupuchupu, ndipo yeye akafukuzwa.

Nilisimama nikasema si kweli. Jinsi maneno yangu yalivyopokelewa nitaeleza mwishoni. Kwanza niandike mambo yenyewe yalivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo, na wengine waliokuwepo hawana haja ya kuyasema.

Jina langu ni Micah Kipkemei, mtu wa Keringet. Nilisoma sekondari mpaka baba alipofariki, kisha nikapata kazi ya karani katika hospitali ya wanyama mjini Nakuru, nyumba ya mawe iliyokuwa chini kidogo ya Milimani. Daktari na mkewe waliishi upande mmoja wa nyumba hiyo, wanyama walilazwa upande wa pili, na sisi wafanyakazi tulikaa nyuma ya mikaratusi, kwenye vyumba vya mabati. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu, kuandika majina ya wagonjwa, na kutafsiri pale Kiswahili cha Daktari kilipokwama.

Ng'ombe walitibiwa huko huko mashambani. Waliolala kwetu walikuwa mbwa na, zaidi, paka. Mzungu akienda likizo Uingereza alituachia paka wake kama mtu anayempeleka mtoto bweni: na kikapu chake, blanketi lake, na maagizo kwamba asilazwe karibu na dirisha. Nyumba ya paka ilikuwa na pazia. Vyumba vyetu havikuwa na pazia wala dirisha la kuliwekea.

Memsahib, mke wa Daktari, ndiye aliyesimamia paka. Tulimwita Mama Paka. Alijua, na jina hilo lilimpendeza. Paka wake mwenyewe aliitwa Kanali, dume jeupe lenye shingo nene, lisilougua hata siku moja. Kanali hakufungiwa kama wageni. Alitembea atakako, na mahali alipopapenda zaidi ni jikoni, pembeni ya sinki, ambapo jua la asubuhi lilimpata.

Mathenge ndiye aliyewatunza. Alikuwa mrefu, mikono yake imejaa mikwaruzo kama ya mtu anayechuma matunda ya miiba, na alizungumza na paka kwa Kikuyu, akiwagombeza kwa sauti ya chini. Nilimwuliza siku moja kwa nini asitumie Kiswahili. Akasema, "Karani, hawa nao wana mabwana wa kutosha kuwasemesha vibaya. Acha niwape lugha ya mama." Mkewe aliitwa Wangare, na mtoto wao Nyakio ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusimama akishika ukuta. Jioni nilikwenda kwao kunywa chai na kucheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Alinishinda karibu kila mara, na Wangare hakuacha kuniuliza kama kwetu Keringet hatuna mchezo mwingine ninaouweza.

Sasa nieleze sheria za nyumba ile, kwa kuwa kila kitu kilitokana nazo.

Sisi wafanyakazi tulikuwa na vikombe vya bati vilivyopigwa mstari mwekundu wa rangi chini ya ukingo. Mstari huo ulikuwa na maana moja: kikombe hiki kisiingie jikoni kwa Wazungu. Tulivioshea nje, kwenye bomba la uani, na tulivitundika kwenye misumari. Hakuna mwenye ngozi nyeusi aliyeruhusiwa kuosha chombo chake kwenye sinki jeupe la jikoni. Vikombe vya Daktari na Memsahib ndivyo vilivyooshwa humo, pamoja na vya wateja waliokaribishwa chai.

Sahani za paka nazo zilioshwa humo humo.

Mathenge alipoanza kazi alizipeleka uani, kwenye bomba letu, kama mtu yeyote angefanya. Memsahib akamfuata mbio. "Wewe hapana osha sahani ya paka huko," akamwambia. "Huko chafu. Boi nyingi nakunywa huko. Paka nashika ugonjwa." Kuanzia siku hiyo sahani za paka ziliingia jikoni, zikaoshwa kwa sabuni nzuri katika sinki la chai, na kitambaa kilichozipangusa ndicho kilichopangusa vikombe. Mathenge akawa ndiye mfanyakazi pekee wa nje anayeingia jikoni, na aliingia akibeba sahani za paka.

Na chakula cha paka kilikuwa nyama mbichi. Ndama alipokufa shambani bila sababu kujulikana, mwenye shamba alimleta kwenye gari, Daktari akampasua kutafuta kilichomwua. Alipomaliza kutazama, Kipkoech, aliyekuwa mkata nyama wetu, alikata mapaja. Ya mbwa yalichemshwa. Ya paka hayakuchemshwa, kwa sababu Memsahib aliamini nyama iliyopikwa inaharibu manyoya ya paka. Sisi tulikatazwa kuigusa nyama hiyo, wasije watu wakaanza kuiba. Kipkoech alikuwa akisema, "Ndama amekufa kwa ugonjwa usiojulikana, na hawa wanaogopa nitamla. Mimi si paka."

Tulicheka. Ndivyo tulivyokuwa, tukicheka.

Mwaka 1957, mvua za Aprili zilipoanza, ndama walikufa wengi upande wa Molo na Sachangwan, na nyama ikawa tele. Nyumba ya paka ilijaa. Wiki chache baadaye Memsahib akaanza kuumwa tumbo, akaharisha, akashikwa na homa. Daktari akafuata. Kisha mama mmoja wa Milimani, aliyekuja kumchukua paka wake na kunywa chai kwenye veranda pamoja na binti yake mdogo, akapiga simu kwamba mtoto amelazwa hospitalini na hana nguvu ya kuinua kichwa. Mimi ndiye niliyepokea simu hiyo. Aliongea polepole sana, na nilimhurumia. Mtoto ni mtoto.

Sisi wa mstari mwekundu hatukuumwa hata mmoja. Mtu angeweza kusimama hapo akajiuliza kwa nini. Daktari hakujiuliza. Alipopata nafuu ya kutoka kitandani, alituita uani na kuniambia niwatafsirie wenzangu kwamba kila mmoja atapewa kikebe chenye kifuniko, na kesho asubuhi akirudishe kikiwa na choo chake.

Nilitafsiri. Kipkoech akainua mkono.

"Karani, mwulize. Ni cha nani? Cha ng'ombe?"

"Chako," nikasema.

"Changu mimi." Akawageukia wenzake. "Shamba walichukua. Kodi wanachukua. Nilidhani wameniachia hicho."

"Anasema nini?" Daktari akaniuliza.

"Anasema ameelewa, bwana."

Mathenge hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma, na alipokuja kuchukua kikebe chake alinong'ona, "Micah, kama wakiniona nina kitu, itakuwaje?"

Nilijua anauliza nini. Ilikuwa Hali ya Hatari. Mkikuyu alikaa Nakuru kwa sababu kulikuwa na mwajiri aliyetia sahihi kwenye pasi yake ya kukaa mjini. Sahihi ikiondolewa, alipakiwa kwenye lori na kupelekwa kwenye hifadhi ya Wakikuyu, kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, apende asipende. Mathenge hakuwa na shamba huko. Ndugu zake walikuwa wamefungwa. Alizaliwa Njoro, akalelewa Njoro, na huko walikokuita kwao alikuwa amefika mara chache tu. Alichokuwa nacho duniani ni chumba kile cha mabati, na chumba kile kilishikiliwa na sahihi ya Daktari.

"Huumwi," nikamwambia. "Watakuonaje na kitu?"

Lakini walimwona nacho. Majibu yalipokuja, sisi wote tulikuwa safi isipokuwa Mathenge. Vidudu vilivyomlaza Memsahib, vilivyomlaza mtoto wa Milimani, vilikuwa tumboni mwa Mathenge, naye haumwi hata kichwa. Siku hiyo ndipo niliposikia jina la salmonela kwa mara ya kwanza. Daktari alilitamka kama jina la mwizi aliyetafutwa muda mrefu.

Memsahib alitoka kwenye veranda akiwa bado amejifunga shali. "Mimi nasema kila siku," akasema. "Osha mkono, osha mkono. Wewe hapana osha."

Mathenge akasema kwa Kiswahili chake kizuri, "Memsahib, naosha kila saa. Unaniona."

"Sasa kidudu natoka wapi?"

Mathenge akaambiwa amefukuzwa. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Siku ile ile Memsahib aliketi karibu na meza yangu na kuwapigia simu wateja wake, mmoja baada ya mwingine, kuwaeleza kwamba chanzo kimepatikana: ni boi wa paka, ameondolewa, paka wao wako salama kabisa. Nilimsikiliza akiyarudia hayo mchana kutwa mpaka nikayajua kwa moyo. Hakuwahi kutaja jina lake. Alisema boi wa paka.

Jioni nilikwenda kwao. Bao la drafti lilikuwa limefungwa. Mathenge aliketi mlangoni, na Nyakio aliponyoosha mikono abebwe, alimsukuma taratibu kwa mguu kuelekea kwa mama yake.

"Kwa nini humbebi?" nikamwuliza.

"Nina ugonjwa."

Wangare akasema, "Mwambie wewe, shemeji. Mimi amekataa kunisikia. Toka juzi anakula peke yake kama mbwa."

"Mbwa wa hapa wanakula vizuri," Mathenge akasema.

Siku chache kabla ya mwisho wa mwezi akaja daktari mwingine wa mifugo, kijana kutoka maabara ya Nairobi. Hakuja kwa ajili ya Mathenge. Alikuja kwa ajili ya ndama wa Molo, ambao katika matumbo yao maabara ilikuwa imekuta salmonela. Alikaa na Daktari, akanywa chai, akauliza nyama ya ndama wale inakwenda wapi. Daktari akamwambia. Kijana akaweka kikombe chini.

"Paka wanaila mbichi?"

"Mke wangu anapendelea hivyo."

"Na paka mmewapima?"

Daktari akasema paka hawaumwi. Kijana akasema hilo halina maana, kwamba paka anaweza kubeba bakteria hao katika utumbo wake wiki nyingi, akiwatoa kwenye kinyesi, na yeye mwenyewe akaendelea kunenepa. Akaomba apime. Daktari hakupenda, lakini hangeweza kukataa.

Paka wakapimwa. Na ni nani aliyewashika? Si Daktari, wala si Memsahib, aliyeondoka chumbani asione wanyama wake wakisumbuliwa. Ni Mathenge, kwa kuwa hapakuwa na mwingine waliyemkubali. Aliwatoa vizimbani mmoja mmoja, akawafunika kichwa kwa kwapa lake, akawaongelesha Kikuyu chake, huku kijana akiingiza kijiti chenye pamba chini ya mkia na kukitia kwenye chupa. Mimi niliandika majina. Mtu aliyekuwa anafukuzwa kwa ajili ya tumbo lake alisimama pale asubuhi nzima akitoa ushahidi wa matumbo ya wengine, na hakumwumiza hata mmoja.

Kanali alikuwa wa mwisho. Alimkwaruza Mathenge toka kiganjani mpaka kiwikoni.

Kijana akamwuliza kwa Kiswahili, "Wewe ndiye waliyempata na vidudu?"

"Ndiyo, bwana."

"Unafanya kazi gani kwa paka hawa?"

"Nasafisha vizimba. Natoa mavi. Naosha sahani."

"Wapi?"

Mathenge akaonyesha kwa kidevu sinki jeupe, lililoonekana kupitia mlango wazi wa jikoni, mikono ikiwa imejaa Kanali. Kijana akalitazama sinki, akavitazama vikombe vya chai vilivyopangwa kando yake, kisha akatazama misumari ya uani yenye vikombe vyetu. Nilimwona akielewa, na mimi nikaelewa pamoja naye, na uso ukaniwaka moto. Walikuwa wametutenga ili wasipate uchafu wetu, na kutengwa huko ndiko kulikotuponya. Uchafu waliuingiza wenyewe jikoni, wakaupangusa kwa kitambaa safi, wakaunywea chai.

Daktari alikubali Mathenge aendelee kukaa mpaka majibu yafike. Siku hizo za kungojea Wangare alianza tena kuimba akifua. Kipkoech alimsalimia kila paka kwa heshima: "Habari ya tumbo, mheshimiwa?"

Kijana alirudi mwenyewe na majibu. Walikaa kwenye veranda, Daktari, Memsahib na yeye, na mimi niliitwa nilete karatasi ya majina. Paka zaidi ya nusu walikuwa na salmonela. Ilikuwa aina ile ile ya ndama wa Molo, na aina ile ile iliyopatikana kwa mtoto wa Milimani. Kanali alikuwa nayo. Kijana alisema Kanali ndiye anayemtia wasiwasi zaidi, kwa sababu yeye huingia jikoni.

"Na yule mfanyakazi," akasema, "ameipata kwa paka, si paka kwake. Itamtoka yenyewe baada ya muda. Apimwe tena, aoshe mikono, sahani zihamishwe, nyama ichemshwe. Hakuna sababu ya kumfukuza."

Sikungoja niruhusiwe. Nilikwenda mpaka nyumba ya paka nikamwambia Mathenge. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema, "Sema tena." Nikasema tena. Akacheka kidogo, akafuta macho kwa mkono wenye makovu ya Kanali, akasema atamwambia Wangare mwenyewe, nisimharibie.

Kijana akaondoka na gari lake. Baadaye mchana Daktari akaniita ofisini. Memsahib alikuwepo, na Kanali mapajani mwake.

Daktari akaniambia kwamba kuanzia kesho nyama itachemshwa. Sahani za paka zitaoshwa katika chombo chao wenyewe. Paka wenye vidudu watabaki, bila malipo ya ziada, mpaka watakapokuwa safi, na wenye paka wasisumbuliwe kwa simu. Akasema mambo haya yasitoke nje ya hospitali.

"Na Mathenge, bwana?"

"Mathenge anaondoka kama tulivyopanga."

Nilidhani sikusikia. Nikasema daktari wa Nairobi alieleza kwamba Mathenge hakuwa chanzo. Daktari akatazama dirishani. Hakuwa mtu mkatili wa kupiga watu, hilo nalisema ili nisimsingizie. Alisema kwa sauti ya uchovu, "Karani, wateja wameshaambiwa. Nikiwaambia leo kwamba waliwaacha paka wao hapa wakiwa wazima wakawarudisha nyumbani na ugonjwa, nitafunga mlango. Nikimweka huyo boi, watauliza kwa nini bado yuko. Unaona?"

Niliona. Niliona vizuri kuliko alivyodhani.

"Lakini si kweli, bwana," nikasema.

Memsahib akaingilia. "Yeye iko na kidudu tumboni. Kweli ama hapana kweli?"

"Kweli, Memsahib. Na Kanali pia anacho."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali na kiti.

"Kanali ni paka," akasema.

Na hilo ndilo lilikuwa jibu. Nimeligeuza kichwani miaka miwili sasa, nikilitafutia mahali pa kulishika. Kanali alikuwa na vidudu vile vile. Kanali alikuwa amevitoa kwenye nyama ya ndama na kuvitembeza mpaka kwenye vikombe vya chai. Alipewa dawa ndani ya maziwa, akatengewa chumba chenye pazia, akahesabiwa mgonjwa. Mathenge, aliyeambukizwa kwa kuwasafishia mavi, akahesabiwa mchafu. Hata kupimwa mara ya pili hakupimwa. Niliomba. Daktari alisema hakuna haja, kwani hayuko kazini tena.

Daktari aliniuliza pia kama ningependa kuondoka pamoja na Mathenge. Nikasema nitaondoka kwa wakati wangu. Niliondoka Krismasi ile, na sasa nafundisha watoto Keringet.

Mathenge alizunguka Nakuru akitafuta mtu mwingine wa kumtilia sahihi. Alikwenda Milimani nyumba kwa nyumba. Aliwaambia anajua bustani, anajua mifugo, anajua watoto. Kila mlango ulikuwa umeshapokea simu. Kwenye mlango mmoja mpishi, mtu wa Njoro aliyekua naye, alimwambia aongee akiwa amesimama nje ya geti, kisha akachukua maji akamwaga pale alipokuwa amesimama.

Siku ya lori nilimbebea sanduku. Kipkoech alikuja na paja la mbuzi, lililochemshwa, akasema, "Hili ni la watu." Wangare alipanda na mtoto. Mathenge alikuwa na mkoba mdogo, na ndani yake niliona kikombe chake cha mstari mwekundu.

"Unabeba hicho cha nini?" nikamwuliza. "Kitupe."

"Nitakihitaji," akasema. "Mpaka anipime mtu."

"Hupaswi kuwa nacho. Ulisikia alivyosema yule kijana."

"Nilisikia kwako, Micah. Nakuamini. Lakini wewe si daktari, na nina mtoto."

Huko alikokwenda hakukuwa na mtu wa kumpima. Kulikuwa na majembe, na makingamaji ya kuchimbwa kwa lazima, na mvua ya mlimani. Habari zake zilikuwa zimetangulia kufika pamoja na watu wengine wa Nakuru, na kijiji kilichobanwa nyumba kwa nyumba huogopa ugonjwa wa tumbo kuliko kitu chochote. Kifua ndicho kilichomwua, si tumbo. Tumbo lake halikumuuma hata siku moja.

Sasa nirudi kaburini. Mzee wa kanisa alipotaja msamaha, nilisimama nikajieleza mimi ni nani. Nikasema Mathenge hakuwaambukiza Wazungu. Nikasema, "Walioleta ugonjwa ni paka."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka matangani mgeni akikosea. Mwanamke mmoja akasema, "Paka wa Wazungu walikuwa wanapika?" Wakacheka tena. Nilijaribu kueleza sinki na sahani na ndama, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama hadithi ya watoto. Mzee wa kanisa akanishika bega, akanishukuru kwa kumpenda rafiki yangu. Nikaketi. Nimewahi kutukanwa, lakini sijawahi kuona uchungu kama ule wa kusema kweli na kufarijiwa.

Baada ya mazishi tulikaa nyumbani kwa Wangare. Chai iligawanywa. Nyakio, sasa mtoto wa kukimbia, alikuwa anapanga vikombe, naye aliruka msumari mmoja ukutani bila kuutazama. Kwenye msumari huo kilining'inia kile kikombe, rangi nyekundu imebanduka nusu.

"Hicho cha Baba hatugusi," akaniambia aliponiona nakitazama.

Wangare alikuwa kwenye meko. Akasema bila kugeuka, "Miaka miwili, shemeji. Hakuwahi kumega ugali na mtoto huyu. Hakuwahi kumwonjea uji. Alikuwa anajiosha mikono mpaka ngozi inapasuka, halafu bado anakataa kumshika."

Nilikitungua. Nikampa. Wangare akakimiminia chai mpaka kwenye mstari. Mzee wa kanisa alikuwa ameketi karibu na mlango, na yule mwanamke aliyeuliza habari za kupika alikuwa kando yake.

Nilikunywa. Nilipofika nusu Wangare alinyoosha mkono, akanipokonya, akanywa naye, akimwangalia mzee wa kanisa juu ya ukingo. Kisha akachuchumaa akamwita mtoto.

Nyakio alinitazama mimi kwanza.

"Ni salama?" akauliza.

"Ni safi," nikamwambia. "Kilikuwa safi siku zote."

Akakishika kwa mikono miwili, akanywa yaliyobaki.